Mwale Uliopita Juu ya Pagale

Dada yangu alikuwa mwalimu wa jiografia, na kwa muhula mmoja na ushee alifundisha akiwa kitandani kwa msaada wa vipande viwili vya plastiki. Nasema alikuwa. Yu hai, namshukuru Mungu, na anakula vizuri kuliko mimi. Ila ualimu umemtoka, na siku hizi nikimwita "mwalimu" kwa utani wetu wa zamani hageuki.

Ugonjwa ulimwanzia mgongoni. Uvimbe ulikaa kwenye uti wa mgongo, wakampasua wakautoa, na miguu haikurudi. Madaktari walikuwa waungwana, wakatuambia tungoje. Tulingoja mpaka neno lenyewe likachuja. Akiegemezwa aliweza kuketi kitandani kwa muda wa vipindi viwili hivi, kisha maumivu yakamlaza. Kumpeleka shule kila siku halikuwa jambo la kujadili. Kwetu Mbweni, kule ndani, kiti cha magurudumu kinazama mchangani kabla hakijafika barabarani, na gari likirukaruka kwenye makorongo anarudi analia. Dada yangu si mtu wa kulia. Alilelewa na bibi yetu, mwanamke wa pwani asiyependa makelele, na tangu utotoni alijua kumeza machungu.

Hana mume wala mtoto. Watu wakimuuliza watoto alikuwa akijibu, "Ninao, wako kidato cha nne," na kila mwaka hao wakiondoka wanakuja wengine. Waliomuuliza walidhani ni mzaha. Mimi niliyekaa naye nyumba moja, nyumba aliyotuachia baba, nilijua hakuwa na mzaha hata kidogo.

Mwalimu mkuu wa shule yake, mama mmoja wa kutoka bara ambaye walianza kazi pamoja, alimwonea huruma, lakini huruma ya mtu mwenye ofisi. Alikubali dada afundishe kwa video. Darasani waliweka televisheni kubwa ukutani na kamera ndogo juu yake, na dada akabaki nyumbani na kompyuta yake. Sharti lake alilisema sebuleni kwetu, ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Watoto wana mtihani wa taifa mbele yao, na wazazi wameshaanza kuuliza. Darasa likikaa bure kwa sababu ya mitambo, ataweka mwalimu mwingine, na kurudi nyuma hakutakuwepo.

"Nitakubeba mpaka nitakaposhindwa, mwenzangu," alimwambia dada. "Nikishindwa usininunie."

Mtandao wa simu bondeni kwetu ni wa kubahatisha. Siku ya kwanza uso wa dada uliganda kwenye televisheni mdomo ukiwa wazi, na darasa zima likaangua kicheko. Alinisimulia mwenyewe huku naye akicheka, halafu akageukia ukuta.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na wazimu wangu.

Kazi yangu ni kupandisha redio za mtandao kwenye mapaa ya watu. Kabla ya hapo nilisoma uhandisi, na chuoni nilijifungia na jambo moja ambalo tangu nitoke hakuna aliyewahi kuniuliza tena: lenzi za antena, kwa ajili ya mawimbi mafupi sana, yale yanayopimwa kwa milimita. Ndugu zangu walikuwa wakiniuliza kama kitu hicho kinaliwa. Nilikuwa nawajibu vibaya.

Jambo lenyewe si gumu. Redio ya mawimbi ya namna hiyo hutoa wimbi linalotawanyika kama mwanga wa kibatari, na likifika mbali limeshakuwa hafifu. Ukiweka mbele yake kipande cha plastiki kilichotuna katikati na kuwa chembamba pembeni, wimbi linapinda likiwa ndani yake, na upande wa pili linatoka limenyooka, mwale mwembamba wenye nguvu ya kwenda. Macho yetu yanaona plastiki nyeupe isiyopitisha kitu. Wimbi linaiona kama sisi tunavyoona kioo cha miwani. Mpaka leo, pamoja na yote yaliyotokea, jambo hilo linanifurahisha, na nalichukia kwa kunifurahisha.

Kazini kulikuwa na redio mbili za aina hiyo zilizotupwa stoo, kwa kuwa zilifika mbali kidogo tu, kutoka paa moja hadi la jirani. Niliziomba, nikapewa kama mtu anayepewa mifupa. Shule ya dada iko ng'ambo ya bonde, upande wa Tegeta, kwenye mwinuko. Zikiwa uchi redio zile zisingefika. Zikivaa lenzi zingefika, na tusingehitaji mtandao wa mtu yeyote: ni kamera ya dada, televisheni ya darasani, na njia yetu wenyewe kati yake. Redio za kawaida nilishazijaribu, lakini masafa yake yamejaa redio za kila jirani na picha ilikatika vilevile.

Plastiki niliifuata Temeke, kwenye karakana ya kukereza bushi za magari. Pale wana magogo ya plastiki nyeupe, mengine yenye upana wa sahani ya wali, na kwa mafundi yote ni plastiki. Kwangu hapana. Nailoni inakunywa unyevu, na hewa ya pwani ni maji matupu, hivyo lenzi ya nailoni ingelimeza wimbi badala ya kulipinda. Nilihitaji ile ya jamii ya ndoo na mapipa. Namna ya kuzitenganisha ni ya kitoto: unakata kipande, unakitupa majini. Nailoni inazama, ile nyingine inaelea. Basi nikachuchumaa pale karakanani, mtu mzima na ndevu zangu, natumbukiza vipande kwenye ndoo kimoja baada ya kingine, na mafundi wamesimama wananitazama kama mganga anayepiga ramli. Aliyenikerezea aliuliza ni kifuniko cha sufuria gani hicho. Nikamwambia ni miwani ya redio. Akasema sawa, bosi, na kazi akaifanya vizuri, maganda meupe yakiruka na kunijaa nywele.

Nilipomsimulia dada habari za ndoo, alizipapasa lenzi zote mbili kwa vidole, polepole, akasema ukiona vyaelea vimeundwa. Nilimwambia asianze.

Mwale mwembamba una tabia moja mbaya, hauzunguki kitu. Ukuta ukikaa njiani basi tena, na hata tawi bichi la mwarobaini linatosha kuuzima. Ilibidi tuwe na hakika kwamba paa letu na paa la shule yanaonana. Kazi hiyo aliifanya dada, maana ni somo lake hasa. Kidato cha nne wanafundishwa kusoma ramani na kujua kama mahali pawili panaonana. Alinituma ramani ya eneo, akalichora bonde kwa ubavu, na mwinuko wake, na nyumba, na minazi, karatasi ikiwa juu ya magoti yasiyohisi kitu. Kila alipotaka urefu wa nyumba fulani alinituma nikaipime kwa macho, na nikirudi ananisuta kwamba napima kama muuza vitambaa. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu apasuliwe. Mwishoni akanionyesha kwa ncha ya penseli. Upande wa kushoto wa chumba chake kulikuwa na ghorofa za watu zilizokwisha, haupitiki. Upande wa kulia mstari ulipita salama, ila mahali pamoja ulipita chini kuliko tulivyopenda, juu ya pagale.

Pagale lile kila mtu mtaani analijua. Kuta zilifika kwenye linta na nguzo zikasimamishwa, halafu mzee mwenye nyumba akafariki, watoto wake wakagombana juu ya mirathi. Mpapai uliota sebuleni mpaka ukazaa. Mbuzi wa watu walilala vyumbani. Nondo zilizochomoza juu ya nguzo kungoja ghorofa ziliota kutu. Mwale wetu ungepita juu ya nondo zile kwa nafasi ya kutosha, isiyo na ziada. Mhandisi mgeni angeuliza, je, wakijenga? Mimi si mgeni. Mtu wa hapa anajua kwamba mvua itanyesha, umeme utakatika, na pagale la mirathi halimaliziki. Dada naye alijua hivyohivyo.

"Wale?" alisema. "Wale hata arobaini ya baba yao walipika sufuria mbili, kila upande na wageni wake."

Tukacheka, tukapitisha mstari.

Siku ya kuwasha nilikuwa juu ya paa la shule mchana kutwa. Kulenga mwale wa namna ile ni kazi ya kumaliza imani, unasukuma lenzi kwa ukucha na tayari umelikosa bonde zima. Kisha namba ya nguvu ya wimbi kwenye simu yangu ikapanda, ikatulia. Nilishuka ngazi mbiombio, nikaenda kusimama dirishani mwa darasa. Dada alikuwa ukutani, mkubwa, mtandio wake wa buluu umenyooshwa kwa pasi, kila mkunjo wa uso unaonekana. Watoto wakasimama wote, wakamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akawaketisha, na neno lake la pili lilikuwa kumwambia mmoja wa nyuma atoe kichwa mezani. Yule aliruka kama aliyeguswa na umeme. Nilijificha nyuma ya ukuta wa choo cha walimu nikalia kidogo, na sioni aibu kulisema.

Baada ya hapo nikawa na kiburi. Masika ilipoingia nilijiandaa nayo kama vita. Maji yakitanda juu ya lenzi, hata yakiwa membamba kama ngozi ya maziwa, wimbi linadhoofu, kwa hiyo nilizipaka nta ya magari na kuzijengea kipaa kidogo kila moja. Mvua ikizidi picha ilichujuka lakini sauti haikukatika, na dada aliendelea kufundisha. Mwalimu mkuu alinipigia kunishukuru. Nilizungumza naye kama profesa. Mgema akisifiwa, wanasema, na mimi nilikuwa nimeshalitia tembo maji pipa zima. Nilikuwa natazama juu, mawinguni, kumbe kilichokuwa kinanijia kilikuwa chini, kwenye uwanja wenye mbuzi.

Ndugu wa pagale walipatana. Shekhe wa mtaa aliwaita, wakakaa, wakasomeana Fatiha, wakala sinia moja. Pilau ya kupatana iligawiwa nyumba hadi nyumba, na sahani yetu ililetwa imefunikwa kawa. Dada aliila yote. Alisema alhamdulillahi, mama yao alikufa akiliomba jambo hili. Kisha akainua macho, akanitazama.

Lori la kokoto likaja. Mpapai ukakatwa. Nyumba ilichukuliwa na mtoto mkubwa, kwa ridhaa ya wenzake, na alikuwa na haraka ya mtu aliyecheleweshwa nusu ya maisha. Walimwaga zege la ghorofa kwa siku moja, watu wamepanga mstari wakipokezana ndoo, na nilikuwa juu ya bati letu nikiwatazama na kuwaombea simenti iishe. Sikuwahi kuwa mtu mbaya hivyo kabla, nadhani.

Nilijaribu kupandisha mlingoti wetu. Tatizo ni kwamba uzuri wa lenzi ndio huo huo ubaya wake. Ikikusanya wimbi vizuri, mwale unakuwa mwembamba, na mwale mwembamba hauvumilii kutikiswa. Juu ya mlingoti mrefu, kusi ikivuma, mwale ulipepesuka ng'ambo ya bonde kama mlevi anayetafuta mlango wake. Dada aliganda tena ukutani, akarudi, akaganda. Nikaushusha.

Njia iliyobaki ilikuwa moja: kuweka kituo kidogo juu ya paa la nyumba ile ile. Mwale ungetua pale na kurushwa upya. Nikaenda kwa mwenye nyumba. Alikuwa kijana wa umri wangu, tumekua mtaa mmoja, na kumbe dada alimfundisha. Alinikaribisha kwenye viti vya plastiki katikati ya mifuko ya simenti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Mkewe alikuwa amesimama kwenye nafasi ya mlango usiokuwa na mlango bado. Nilipomaliza, mume alisema:

"Braza, nimekuelewa. Mwalimu namheshimu, sie wote hapa katufundisha. Ila wife ana mimba, na tumeitafuta sana. Watu wameshamwambia mionzi ya hizo mashine inaharibu. Najua utaniambia siyo kweli. Ikitokea lolote, hata kama haihusiani, mie ntamtazamaje?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu mazuri, kwamba nguvu yake ni ndogo, kwamba wimbi lile halipenyi hata bati, kwamba simu iliyoko mfukoni mwake ina mengi zaidi ya kumtisha. Nilimtazama yule mwanamke, mkono juu ya tumbo, ananingoja niseme. Nikashindwa. Mume alisema siku yoyote dada akitaka kwenda shule, gari lake lipo, hata saa ngapi, na alikuwa anasema kweli. Nilimshukuru, nikatoka nikipita juu ya mbao zao.

Nilipofika nyumbani nilimwambia dada yote na nilimwambia kwa hasira. Nilisema watu wajinga, nilisema mengine ambayo hayaandikiki. Aliniacha nimalize.

"Usimrudie," alisema. "Mtoto wa watu azaliwe kwa amani."

"Na wewe?"

"Unataka nimchukie nani, mdogo wangu? Nitajie, nimchukie."

Sikuwa na wa kumtaja. Hilo ndilo lililonivunja kuliko kuta. Katika maisha yangu ya ufundi kila kitu kilichokataa kufanya kazi kilikuwa na kosa mahali, na kosa likipatikana kinafanya kazi. Hapa hapakuwa na kosa. Lenzi zilikuwa sahihi, redio nzima, ndugu wamepatana, mtoto yuko njiani, na dada yangu anapoteza kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Mwalimu mkuu alikuja kututazama. Alieleza kwa upole kwamba ameletewa kijana, mwalimu mpya wa jiografia, na amekuwa akimshikisha vipindi vya madarasa ya chini kungoja. Hakusema kungoja nini. Safari hii chai aliinywa, na alipoondoka alimbusu dada kwenye paji la uso, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza.

Waashi wakaanza kuta za juu. Siku walipofika kwenye mstari nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimekaa juu ya bati letu na simu mkononi. Ilikuwa asubuhi, dada ana kipindi. Nilimwona mwashi waziwazi: anachota udongo, anautandaza, anaweka tofali, analigonga kwa mpini, anasogea. Alikuwa mwashi mzuri, hakupoteza mkono. Ningetoa chochote awe mvivu. Kila tofali lililokaa, namba kwenye simu ilishuka kidogo. Akapanda mwenzake wakafanya wawili. Namba ikashuka tena, ikacheza, ikapotea. Wao hawakujua kitu. Mmoja alinipungia mkono, nami, sijui kwa nini, nikampungia.

Niliteremka kwenda kumwambia. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Alikuwa ameegemea, mtandio umekaa sawa, kamera iko mbele yake, na kwenye kompyuta pale palipokuwa na sura za watoto palikuwa peusi na maandishi madogo kwamba hakuna mawasiliano. Alikuwa anafundisha. Nilifungua mdomo. Aliinua kiganja kunizuia bila kunitazama, kama anavyomzuia mwanafunzi anayetaka kudakia, akaendelea.

Alikuwa kwenye mto, mwendo wake kutoka milimani mpaka baharini. Sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani, kubwa kuliko chumba. Alieleza mto unavyokata mwamba ukiwa juu, unavyopinda ukifika tambarare. Aliuliza kwa nini mto ukikaribia bahari unapunguza mwendo, akamtaja wa kujibu, wewe hapo dirishani. Akangoja. Alingoja muda ule ule ambao siku zote humwachia mtoto ajifikirie. Kisha akasema vizuri, kaa, na nani ataongezea.

Nilisimama mlangoni mpaka kipindi kikaisha. Aliwapa kazi ya nyumbani. Aliwakumbusha kufuta ubao. Akafunga kompyuta taratibu, akachomoa pini za mtandio moja moja, akazikusanya kwenye kiganja.

"Mpigie mkuu," aliniambia. "Mwambie yule kijana aanzie kwenye delta. Huko juu nimeshamaliza."

Nikampigia. Mkuu alisema ahsante, na kijana aliingia kipindi cha siku iliyofuata.